Baada ya Nabad: Maisha ya Silas Kinoti M'Rimberia, Msimamizi wa Visima

Kwa niaba ya nyumba ya marehemu mzee M'Rimberia wa Mikinduri, na kwa niaba ya mjane Roda Mueni na watoto wake, tunawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, nanyi ndugu zetu Waislamu mliokuja kuketi nasi tunawapa salaam aleikum, tunawauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua ambayo bado hatujaiona, na tunawaomba mtuvumilie tukisoma polepole, kwa sababu ndugu yetu aliyelala hapa mbele yetu alijifunza kwa uchungu kwamba salamu haifupishwi.

Silas Kinoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Mikinduri, Tigania, katika Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee M'Rimberia na mama Tabitha Kanyua, wote wawili wamekwisha kulala katika Bwana. Alibatizwa mwaka uo huo katika Kanisa la Methodisti, na alilelewa katika nyumba ya maombi na ya kazi, nyumba ambayo baba akiwa mezani watoto hawakufungua mdomo ila kwa kula, na mtoto aliyeulizwa jambo alijibu neno moja au mawili na kunyamaza. Wale waliolelewa naye wanakumbuka kwamba Kinoti alikuwa mpole, mwenye mikono inayopenda vyuma, na kwamba alimtengenezea mama yake taa ya mafuta kwa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, taa iliyowaka katika jiko lile mpaka mama alipofariki.

Alianza masomo ya msingi pale Mikinduri mwaka 1974 na kumaliza mwaka 1980. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimsimamisha asome kwa sauti mbele ya darasa, akafika kwenye neno moja akakwama, akajaribu tena akakwama, na mwalimu akamwacha amesimama hivyo mpaka kengele ilipolia, huku wenzake wakicheka na kumwita Betri Imeisha. Jina hilo lilimfuata hadi sekondari, aliyoimaliza mwaka 1984, na yeye mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba tangu siku ile alijiwekea desturi ya kusema maneno machache, kwa haraka, na kufunga mlango kabla mtu hajapata nafasi ya kucheka. Tunaieleza habari hii ndogo ya utotoni kwa sababu ilikua pamoja naye, ikaingia naye kazini, na huko haikuwa ndogo tena.

Kuanzia mwaka 1986 hadi 1988 alisomea ufundi wa pampu na injini, akafaulu vizuri, na tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika kazi za maji na kutumwa Rhamu, katika Mandera, mahali ambapo hakuna hata mmoja katika nyumba yetu aliyekuwa amewahi kufika. Mama alilia kana kwamba anazika. Kinoti alikaa Rhamu miaka saba, akatengeneza pampu za wenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua, akajifunza kunywa chai ya maziwa ya ngamia na kuipenda, akajifunza Kisomali cha kuombea spana na cha kushukuru, na kila alipokuja likizo alituambia kwamba watu wa kule ni wakarimu sana ila wanasalimiana mno, mtu anaweza kukuuliza habari za ng'ombe ambao huna. Sisi tulicheka naye, wala hatukujua tulikuwa tunacheka nini.

Mwaka 1996 alihamishiwa Masalani, na huko Mungu alimkutanisha na Roda Mueni, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Mwingi. Mueni ametupa ruhusa kusema kwamba siku Kinoti alipomposa alisema maneno yale kwa haraka hata yeye akamwomba arudie, naye Kinoti akaona haya, akachukua kofia yake akaenda, akarudi wiki iliyofuata na mjomba wake ili mjomba aseme kwa niaba yake. Walifunga ndoa takatifu tarehe 6 Desemba 1997 kanisani Mwingi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Wendy Kathure aliyezaliwa mwaka 1999, Tabitha aliyezaliwa mwaka 2001 na kuchukuliwa na homa akiwa bado ananyonya, akazikwa Masalani, na Mutuma aliyezaliwa mwaka 2003. Kaburi la Tabitha aliliendea kila mwaka, bila kumwambia mtu, na hata Mueni alilijua jambo hilo kutoka kwa mwenye mashua aliyekuwa akimvusha mto.

Mwaka 2004 familia ilihamia hapa Garissa, na tarehe 1 Julai 2009 Kinoti alipandishwa cheo na kuwa msimamizi wa visima vya mashine, vile visima virefu vya jenereta na pampu ambavyo bila hivyo watu na mifugo ya kule ndani hawana maji wakati wa kiangazi. Kila kisima kilikuwa na mwendeshaji wake, na kila mwendeshaji alikuwa na redio koli, kwa maana simu hazikushika kule, na kila asubuhi msimamizi aliketi hapa Garissa akaita kituo kimoja baada ya kingine ili ajue kama maji yanatoka.

Hapo ndipo ile desturi yake ya utotoni ilipokaa kwenye kiti cha mkubwa. Wafanyakazi walikuwa wakiketi nyuma yake wakisikiliza, na yeye aliogopa kwamba mtu wa kule mbali atamwuliza jambo asilolijua, akwame mbele yao kama alivyokwama darasa la tano, hivyo akaita kituo, akauliza, "Kwema?" akasikia, "Nabad, mkubwa," yaani ni amani, akakifunga na kuita kinachofuata, na kabla chai haijapoa visima vyote vilikuwa vimekwisha. Ofisini alisifiwa kwa wepesi. Walisema msimamizi aliyemtangulia alikuwa akimaliza nusu ya asubuhi kwenye redio akiulizwa habari za mbuzi, na huyu mpya ni mtu wa kazi, hana maneno mengi.

Mwaka 2011 mvua ilikosa kabisa, na mifugo ilikuwa ikifa kila upande. Katika kisima kimoja cha mbali, tunachokiita hapa El Madow, mwendeshaji alikuwa mzee Kerrow, ambaye yupo hapa leo, ameketi pale mbele, na tunamheshimu. Injini ya kisima chake iliungua. Asubuhi iliyofuata Kinoti alimwita kwenye redio, akamwuliza kama kwema, na mzee Kerrow akajibu nabad, kwa sababu katika watu wake jibu la salamu ni nabad hata kama nyumba inaungua, kisha mtu huulizwa habari za watu, za wanyama na za njia, na jambo lenyewe hutolewa salamu zikishatimia, maana kumtupia mkubwa habari mbaya usoni kabla hamjasalimiana ni kumdharau. Mzee alikuwa amevuta pumzi ili aulize habari za Garissa, na redio ikawa imehamia kituo kingine. Asubuhi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Ofisini kisima cha El Madow kilihesabiwa kuwa kizima.

Dereva wa lori la sukari ndiye aliyeleta habari Garissa, na fundi na injini nyingine walipofika El Madow hawakukuta watu, walikuta birika la kunyweshea mifugo likiwa kavu, na nyayo. Watu walikuwa wameondoka na wanyama wao kutafuta maji mengine, wengi wa ng'ombe walianguka njiani, na mama mzazi wa Kerrow, bibi Ardo, aliyekuwa amebebwa juu ya ngamia, alifariki kabla hawajafika, akazikwa kando ya njia.

Mzee Kerrow alikuja Garissa mwenyewe baada ya maziko. Aliingia ofisini, akamsalimu Kinoti, akamwuliza habari za Mueni na za watoto kwa majina, akamwuliza kama wazazi wake wako hai, akasikiliza majibu yote mpaka mwisho, na ndipo akamweleza yaliyotokea. Kinoti alimwuliza kwa nini hakusema kwenye redio, na mzee, bila hasira, alimwambia maneno ambayo ndugu yetu aliyarudia nyumbani mara nyingi hata watoto wakayajua, "Mimi nilikuwa nakuja kwa hiyo maneno, mkubwa. Wewe nafunga redio kabla mimi nifike."

Kinoti alirudi nyumbani siku hiyo, akaketi nje na viatu vyake miguuni, na Mueni alipomletea chakula alikirudisha. Ofisi haikumlaumu, wakubwa wake walisema ni kiangazi, watu wengi wamekufa mwaka huu, na kweli angeweza kukaa hapo, na wengi wetu tungekaa hapo. Lakini moyo wake haukukubali, alifunga na kuomba, na baada ya siku alizozijua yeye na Mungu wake alichukua gari pamoja na dereva Sugow akaenda El Madow kuomba msamaha mbele ya watu.

Sugow, ambaye ndiye aliyetusimulia, anasema watu walikusanyika kwenye birika, wengine kwa hasira, na mama mmoja aitwaye Sirad aliyepoteza ng'ombe wake wote alimwangalia Kinoti juu hadi chini akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu ndiyo ile mkubwa ya kwema-kwema?" na watu wakacheka kicheko kibaya. Kinoti alisimama, akaanza kusema kwa ile haraka yake, akakwama. Alikwama kweli kweli, midomo inatembea na sauti haitoki, mtu mzima wa miaka arobaini na minne mbele ya watu waliozika kwa sababu yake, na Sugow akafikiri watarudi garini. Kisha mzee Kerrow akasema kutoka pale alipoketi, "Wacha yeye amalize. Sisi najua vile inauma kukatwa." Basi Kinoti akaanza upya, polepole, akawasalimu, akauliza habari za watu na za wanyama waliobaki, akasikiliza mmoja mmoja mpaka jua likapinda, na mwisho akasema kwamba kosa lilikuwa lake, halikuwa la redio wala la mzee Kerrow. Walimsamehe baadhi yao. Sirad hakumsamehe siku ile, na ndugu yetu alisema ana haki.

Tangu hapo kazi yake ilibadilika, na sisi tulioona tunashuhudia kwamba haikubadilika kwa siku moja. Kwenye redio aliacha salamu zifike mwisho, na kila mwendeshaji akishajibu nabad, Kinoti alingoja kidogo, kisha akauliza, "Na baada ya nabad?" Swali hilo lilikuja kujulikana katika vituo vyote, wengine walilifanyia mzaha, lakini ndani ya swali hilo zilitoka habari za mikanda iliyochanika, za dizeli iliyokwisha, za ugomvi wa foleni ya ngamia, na za mwendeshaji mmoja ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa na hakuwa na mtu wa kumwachia mashine.

Ofisini nako alianzisha jambo ambalo mwanzoni liliwachekesha watu, nalo ni kwamba katika mkutano wa kila Jumatatu yeye mkubwa ndiye aliyesema kwanza, na alichosema ni lile alilokosea wiki iliyopita, alipoelekeza kazi vibaya, alipomkatiza mtu, alipomfokea fundi bila kumsikiliza. Sugow alikuwa akiingia mlangoni na kuuliza, "Leo mkubwa ametubu nini?" na wote wakacheka, naye Kinoti akacheka pamoja nao, kitu ambacho Kinoti wa zamani hangeweza. Jumatatu moja huyo huyo Sugow hakucheka, alisimama akasema kwamba pipa alilopeleka kisimani Ijumaa lilikuwa na maji ndani ya dizeli, aliliona akanyamaza kwa kuogopa kufutwa kazi. Kinoti alimshukuru mbele ya watu, wakapanda gari wawili, wakaenda kuimwaga dizeli ile kabla injini haijawashwa, na njiani, Sugow anasema, hawakuongea habari ya pipa hata kidogo, waliongea habari za mpira.

Mwaka 2017 alikuja ofisini msichana wa hapa mjini, Istahil, aliyetoka chuoni na kuwekwa kwenye redio, na waendeshaji wengine waliposikia sauti yake walimkatiza na kumwuliza, "Wewe mama, wanaume ya ofisi wameenda wapi? Wametoroka?" naye akawa anamkabidhi Kinoti chombo cha redio. Kinoti alikataa kukipokea. Aliegemea kiti chake karibu na dirisha, akaendelea na chai yake, na kila walipomtaka alisema kwa sauti ya kufika kwenye redio, "Mkubwa wa redio leo ni Istahil, mimi ni mnywaji wa chai." Akamfundisha asipandishe sauti, ataje jina lake kwanza, awasalimu wazee kama binti yao, kisha aulize kama mtu anayestahili kujibiwa, na alipokosea alimrekebisha stoo, mlango umefungwa, na alipofanya vizuri alimsifu uani ambako kila mtu anasikia. Alimwambia kwamba hofu haiishi, yeye mwenyewe bado anayo kila asubuhi, ila mtu anaweza kuizoea kama anavyozoea kelele ya jenereta akaendelea na kazi. Istahil sasa ndiye naibu wa msimamizi, na waendeshaji wale wale humsubiri amalize salamu.

Kanisani alitumika kama mzee wa kanisa kuanzia mwaka 2013, na ingawa alikuwa hapendi kuhubiri, aliomba kwa ajili ya wagonjwa kwa maneno machache yaliyotoka taratibu. Nyumbani alikuwa baba mwema, aliyekosea na kuomba radhi hata kwa watoto.

Sasa tunafika mahali pagumu, na Mueni ndiye aliyesema tusipapite haraka.

Mapema mwaka huu wa 2025 Kinoti alianza kuona shida ya kumeza chakula. Kazini walikuwa na desturi ya kula mchana pamoja kutoka sinia moja, wali na nyama ya mbuzi, wakubwa kwa wadogo, na mtu asiyekula angeonekana mara moja, lakini ilikuwa karibu na Ramadhani, wenzake walifunga, sinia halikuwekwa mwezi mzima, na hakuna aliyeona kitu. Idd ilipopita sinia likarudi, na Kinoti akaanza kuwaambia kwamba siku hizi anakula nyumbani, Mama Wendy amemkataza mafuta. Na nyumbani, Mueni akiandaa meza, alisema ameshiba, leo Sugow na wenzake wamemjaza wali. Hivyo ofisi ilijua anakula nyumbani, na nyumba ilijua anakula ofisini, na mikanda yake ikaongezwa matundu kwa msumari, na kila aliyemwuliza kwa nini amekonda aliambiwa ni vumbi, ni kiangazi, ni umri, kwema tu. Mtu aliyewafundisha watu wa kaunti nzima kusema lililo baada ya nabad alijibu nabad kwa miezi, na sisi sote, mke, watoto, ndugu, wazee wa kanisa, tulikubali jibu la kwanza, kwa sababu tulizoea kwamba yeye ndiye mwulizaji.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, Istahil alipomaliza vituo vyote, hakuzima redio ya moyo wake, kama alivyotueleza mwenyewe, aligeuka akamtazama mkubwa wake aliyeketi karibu na dirisha na kikombe ambacho hakijaguswa, akamwuliza, akimwita ami kwa Kisomali, "Na baada ya nabad, adeer?" Kinoti alitabasamu, akasema, "Unaniuliza mimi?" Akajibiwa, "Nauliza wewe." Istahil akangoja, kama alivyofundishwa kungoja, na hatimaye Kinoti akasema, "Chakula hakipiti, Istahil. Hata uji sasa unakataa."

"Mama Wendy anajua?"

"Hajui."

"Basi leo anajua," akasema Istahil, akaita Sugow alete gari, na yeye mwenyewe akampeleka nyumbani na kusimama mlangoni mpaka alipolisema.

Alitibiwa hapa Garissa, na tarehe 19 Agosti alipelekwa Nairobi, ambako madaktari walikuta saratani ya umio, nao walitueleza kwa upole kwamba wakati wa upasuaji ulikuwa umepita, kwamba kama angefika mwanzoni mwa mwaka wangekuwa na la kufanya. Waliweka mpira wa kumlisha, wakampa dawa za kupunguza maumivu, na mwezi wa Oktoba, kwa ombi lake, alirudishwa nyumbani kwake hapa Garissa.

Katika wiki zile za mwisho alimwambia Mueni kwamba alimdanganya kuhusu chakula, na alipoulizwa sababu hakuwa na sababu kubwa, alisema aliogopa kwamba akilitaja litakuwa kweli, na kwamba kila siku alipanga kusema kesho. Mueni alimjibu, "Nami sikukuuliza mara ya pili." Walilia pamoja. Tunaliandika hili si kwa kumwaibisha marehemu, bali kwa sababu yeye mwenyewe, kila Jumatatu, angelisema mbele yenu.

Mzee Kerrow alisafiri kutoka El Madow kuja kumwona. Sauti ya ndugu yetu ilikuwa imebaki kidogo sana, na mzee alivuta kiti karibu na kitanda akamsalimu yote, habari za mke, za watoto, za mwili, za usingizi, za ndugu walioko Meru, akingoja kila jibu litoke, na Wendy alipomwambia kwa adabu kwamba baba anachoka, mzee alisema, "Mimi leo sina haraka, mama. Yeye najua." Alikaa mpaka adhana ya alasiri.

Silas Kinoti M'Rimberia alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, alasiri, nyumbani kwake, Mueni akiwa ameshika mkono wake na Mutuma akisoma Zaburi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akibakiwa na miaka miwili tu kustaafu. Ameacha mjane, watoto wawili, ndugu sita na marafiki ambao hatuwezi kuwataja wote.

Jumatatu asubuhi Istahil aliita vituo kama kawaida. Kila kituo kilijibu nabad, na kila kituo akakiuliza swali lile, na mzee mmoja baada ya mwingine, badala ya kutaja mikanda au dizeli, alitaja jina la Kinoti, akasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Zoezi lile lilichukua asubuhi nzima, na hakuna aliyelifupisha. Tumeambiwa pia kwamba mama Sirad alikuja kituoni El Madow, akaomba chombo, akasema yeye amemsamehe mkubwa, na kwamba alitaka kumwambia zamani ila hakupata njia ya kuja mjini. Tunakupokea, mama, tunajua utaletewa maneno haya, ingawa yeye hawezi kuyasikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Garissa na wa Nairobi waliomhudumia bila kuchoka na kutuambia ukweli bila kutuficha, majirani zetu, hasa mama Nurto aliyewalisha watoto wetu na kutufulia nguo tulipokuwa hospitalini, wafanyakazi wenzake wote wa maji, Sugow aliyeendesha gari na Istahil aliyeuliza, waendeshaji wa visima waliochanga walichokuwa nacho, Mchungaji na washiriki wa kanisa, na masheikh waliotuma salamu zao. Kesho alfajiri tunamsindikiza Mikinduri, kwa njia ya Modogashe na Isiolo, na atalala karibu na mama yake.

Ukituuliza leo, Kinoti, tutakujibu kama ulivyotufundisha, bila kukimbia. Nabad, ndugu yetu. Na baada ya nabad, tumeumia, nyumba ni kimya, sinia liliwekwa ofisini juzi na hakuna aliyeanza kula, na tunajilaumu kwamba tulikuamini upesi mno uliposema kwema. Hilo ndilo tulilokuwa tunakuja kukwambia, na tunamshukuru Mungu kwamba leo tumefika nalo mwisho. Bwana akupokee, na sasa, bila mtu wa kukukatiza, pumzika kwa amani.